SINEMA ISIYO NA KUTA: Askari wa Keya walivyotazama picha wakati wa vita

SEHEMU YA 1: Saluti ya mkono wa kushoto

Mfululizo uliopita ulikuwa wa chanjo, mkaniambia historia yake iliwanogea kuliko sindano zenyewe. Haya, niko mapumziko siku tatu, nawaletea historia tupu. Ila mjue mwishoni nitawarudisha kliniki, maana mimi ndo nilivyo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya. Kwa vijana wasiojua, Keya ni King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la huku kwetu Afrika Mashariki. Wayao wa Tunduru na Wangoni wa Songea waliingia huko wengi tu. Vita Kuu ya Pili ilichukua zaidi ya watu 80,000 kutoka Tanganyika peke yake, na Afrika Mashariki yote zaidi ya 300,000. Wengine walipigana Ethiopia, wengine Madagaska mwaka 1942, wengine wakavushwa bahari mpaka Ceylon, halafu Burma.

Mzee hakupenda kuhadithia vita. Ukimuuliza Burma ilikuwaje, anakujibu, "Mvua. Matope. Basi." Lakini kuna jambo moja alilisimulia mpaka wajukuu wote tukalikariri, nalo ni siku yake ya kwanza kuona picha.

Ilikuwa kambini, usiku. Walinyoosha shuka kubwa jeupe katikati ya miti miwili. Maofisa wakawekewa viti karibu na mtambo. Askari wakajaa chini, mbele ya viti. Babu na wenzake walikuwa zamu, wakachelewa, wakaambiwa zungukeni, kaeni nyuma ya shuka. Wakakaa. Na picha ikaonekana vizuri tu, maana kitambaa kinapitisha mwanga. Shida ikawa moja: wanajeshi wote kwenye ile picha walikuwa wanapiga saluti kwa mkono wa kushoto!

Babu anasema walibishana mpaka alfajiri. Jeshi gani hili lisilojua hata saluti? Mmoja akasema labda ndiyo adui wenyewe. Mwingine akasema hapana, Wazungu wanatujaribu waone kama tuko macho.

Utotoni nilikuwa nacheka mpaka machozi. Ukubwani nimekuja kuona kwamba babu alikuwa ananieleza habari ya ujenzi. Nani alikaa wapi, na kwa sababu hiyo aliona nini. Na kwa nini kulikuwa na shuka na miti wakati kambi nyingine duniani zilikuwa na majumba ya sinema kabisa. Tufuatane.

SEHEMU YA 2: Kwa nini sinema ilihitaji nyumba

Ukiuliza kwa nini sinema inahitaji nyumba, wengi watasema giza. Lakini giza la usiku wa Tunduru lipo bure. Sababu kubwa ilikuwa moto.

Ukanda wa filamu wa zamani, ule mpana wa milimita 35, ulitengenezwa kwa selulosi ya naitreti, kitu ambacho ni ndugu wa baruti. Ukishika moto, maji hayasaidii, maana unajitengenezea oksijeni wenyewe. Na mtambo wa picha una taa kali inayopitisha mwanga kwenye huohuo ukanda. Sasa fikiria.

Hata kabla ya ukanda wenyewe kuua watu, taa zilishaua. Mei 1897 mjini Paris kulikuwa na mnada wa hisani uitwao Bazar de la Charité, kwenye banda la mbao na turubai. Taa ya mtambo wa picha ilitumia etha. Kiberiti kikawashwa karibu yake. Watu zaidi ya 120 wakafa, wengi wao wanawake. Mwaka 1909 Uingereza ikatunga sheria: mtambo ukae kwenye chumba chake kisichopitisha moto, na matundu ya kurushia picha yawe na vifuniko vya kuyafunga moto ukitokea.

Kwa hiyo jumba la sinema ni chumba cha hatari kilichojengewa ukumbi mbele yake. Sisi wa hospitali tunaelewa haraka: ni kama chumba cha eksirei. Kwanza unajenga kinga, halafu ndo unapanga watu watakaa wapi.

Jeshi la Marekani lilipokuwa linajaza kambi zake kuanzia mwaka 1940, lilijenga majumba ya sinema kwa michoro ya aina moja. Kuta na paa la mbao, sakafu inayoteremka kidogo ili wa nyuma waone, chumba cha mtambo juu nyuma, mlango wa mbele wenye kibanda cha tiketi. Makubwa yake yalichukua watu elfu moja hivi. Fundi aliyejenga moja angeweza kujenga jingine kambi ya mbali bila kuuliza swali. Waingereza nao walikuwa na kumbi za zamani kwenye kambi zao za kudumu, na penye haraka walitumia yale mabanda ya bati yenye umbo la pipa lililopasuliwa katikati, aliyoyabuni Peter Nissen mwaka 1916. Sauti humo ndani ilikuwa balaa, ukichanganya na mvua juu ya bati.

Na kuta zinatenga. Kwenye kambi nyingi za Marekani askari weusi walikuwa na jumba lao, au safu zao za nyuma. Watu wamevaa sare moja, wanaenda kufa vita moja, ila kutazama picha wanatazama mbalimbali. Ni mpaka Julai 1944 ndipo Wizara ya Vita ilipotoa agizo la kukataza utengano huo kwenye sinema za kambi, na hata hapo sehemu nyingine walikaidi.

SEHEMU YA 3: Ukanda mwembamba, na kilima cha Vugiri

Kilichobomoa kuta ni ukanda mwembamba. Mwaka 1923 Kodak walitoa filamu ya milimita 16 iliyotengenezwa kwa asetati. Hiyo ikishika moto inaungua polepole kama karatasi. Huhitaji tena chumba cha zege, wala hata nyumba. Mtambo unabebeka, unauweka juu ya meza au nyuma ya gari. Wakati wa vita kampuni za filamu za Marekani zilitoa bure kwa jeshi lao nakala zaidi ya 40,000 za milimita 16, zikaenda visiwani, porini, melini, popote palipo na askari na shuka.

Lakini msidhani jambo hili lilianzia jeshini. Sisi tulishakuwa shamba la majaribio kabla ya vita. Pale Vugiri, milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Wakubwa wake walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, na G. C. Latham, mtu wa elimu kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Walitengeneza filamu 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa watu wetu. Mada zilikuwa kilimo, kuweka akiba posta, minyoo ya safura. Naam, safura! Watu walikuwa wanafundishwa safura kwa filamu miaka zaidi ya themanini kabla mimi sijatumwa kugawa dawa za minyoo mashuleni.

Na huko Nigeria kulikuwa na bwana mmoja, William Sellers. Huyu nampenda na kumkasirikia kwa pamoja. Hakuwa mtu wa filamu, alikuwa mtumishi wa afya. Alianza na picha za slaidi, akaenda kwenye filamu za kampeni dhidi ya tauni Lagos, na akatengeneza gari lenye kila kitu ndani yake: jenereta, mtambo, spika, kipaza sauti, shuka. Vita ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilianzisha Colonial Film Unit ikamkabidhi yeye. Kwa hiyo sinema ya vita ya makoloni iliwekwa mikononi mwa mtu wa mitaro na panya. Mwenzetu kabisa.

SEHEMU YA 4: Ramani ya jengo lisilokuwepo

Sasa niwachoree. Gari linafika kabla jua halijazama. Kwanza wanatafuta uwanja, ikiwezekana wenye mteremko mdogo, ili wa nyuma waone juu ya vichwa vya wa mbele. Ni ileile sakafu ya jumba la mbao, ila hapa kilima kimeshaijenga. Halafu upepo. Shuka likitazamana na upepo linavimba kama tanga la jahazi na sura za watu zinapinda. Halafu mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali picha inafifia.

Jenereta linapelekwa mbali, waya unavutwa, maana likiwa karibu watu watasikia ngurumo badala ya maneno. Spika zinawekwa kando ya shuka ili sauti itokee pale picha ilipo. Mtambo unakaa umbali unaolingana na ukubwa wa shuka. Ukisogea nyuma picha inakua lakini inapoteza mwanga. Hakuna fundi mwashi hapo, lakini kila kitu alichokuwa anafikiria mchora ramani wa jumba kinafikiriwa: mteremko, giza, sauti, njia ya kutokea.

Kitu ambacho jumba la London halikuwa nacho ni mkalimani. Filamu nyingi zilikuja kimya, au kwa Kiingereza. Mtu anasimama na kipaza sauti karibu na shuka, anaeleza. Huyo ndo alikuwa nguzo ya jengo zima. Colonial Film Unit walituma filamu yao ya mwanzo, Mr. English at Home ya mwaka 1940, inayoonyesha siku moja ya familia ya fundi seremala wa Kiingereza. Kilichosikika kwenye kijiji kimoja na kingine hakikuwa lazima kifanane, maana kilitegemea mdomo wa mkalimani. Serikali ilimiliki picha, lakini maneno yalikuwa ya mtu wetu.

Afrika Mashariki jeshi lenyewe lilikuwa na kikosi chake cha kuzunguka, Mobile Propaganda Unit, kikiongozwa na ofisa kijana aitwaye Alec Dickson, ambaye mwaka 1958 alikuja kuanzisha shirika la kujitolea la VSO ambalo wengi mnalijua. Kikosi kilichukua askari Waafrika wa makabila mbalimbali, kikapita kwenye nchi hizi kikionyesha gwaride, viungo, silaha, maigizo na sinema, ili raia waone watoto wao wanafanya nini jeshini. Askari nao walikuwa na magazeti yao ya Kiswahili, Askari na baadaye Heshima. Kwa hiyo picha, gazeti na mkalimani vilikwenda pamoja, na lugha iliyoviunganisha ni Kiswahili. Mtu alitoka Tunduru anasema Kiyao, akarudi anasema Kiswahili cha kambi.

Lakini turudi kwenye viti. Hata bila kuta, utengano ulijengwa kwa viti na ardhi. Maofisa kwenye viti, askari chini, waliochelewa nyuma ya shuka. Mijini ilikuwa afadhali kidogo kwa viti, ila wakaguzi wa serikali walikuwa na orodha ya filamu ambazo Mwafrika haruhusiwi kuziona. Yaani uwe umevuka bahari, umebeba bunduki Burma, halafu ukirudi unaambiwa picha hii itakuharibu akili.

SEHEMU YA 5: Mbu mkubwa

Hapa ndo ninapomkasirikia Sellers. Yeye na wenzake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Wakaweka kanuni: picha iende polepole, jambo moja kwa wakati mmoja, kusiwe na kukatakata wala ufundi wa kamera. Na walikuwa na kisa wanachokirudia kila mahali. Eti kijiji kimoja kilionyeshwa filamu ya malaria, mbu akatokea mkubwa amejaa shuka zima, wanakijiji wakasema, "Poleni, ninyi mna mbu wakubwa hivyo. Wa kwetu ni wadogo, hawana shida."

Kisa hiki mpaka leo utakisikia kwenye semina. Wanahistoria waliokuja baadaye wamekitilia shaka, maana kinasimuliwa kwa namna ileile kutoka nchi tofauti, na kila msimulizi anasema kimetokea kwake. Mimi si mwanahistoria, lakini nimefanya elimu ya afya miaka kadhaa, naona jambo jingine. Tuseme kweli mtu alisema hivyo. Mbona hakuna aliyejiuliza kama lilikuwa ni tani? Mjue watu wetu. Ukimletea mzee wa Kiyao mbu wa ukubwa wa ng'ombe, lazima akutanie.

Na mfano wa pili ni babu yangu. Mzungu yeyote angesikia ule ubishi wa saluti ya kushoto angeandika kwenye ripoti: hawaelewi picha. Kumbe waliielewa vizuri kabisa, wakaona hata kosa la mkono. Kosa halikuwa la macho yao. Walikalishwa upande usio wao.

SEHEMU YA 6: Ng'ambo ya Ruvuma

Vita ya Mwingereza iliisha, lakini shuka halikukunjwa. Mwaka 1964 FRELIMO walianza vita ya ukombozi ng'ambo ya mto wetu. Kambi yao kubwa ya mafunzo ikawa Nachingwea, kwenye eneo lililobaki baada ya ule mradi wa karanga wa Mwingereza kufa. Hapa Tunduru nako walikuwa na kituo cha watoto na shule. Watu wa filamu wakaja. Dragutin Popović kutoka Yugoslavia alipiga filamu ya vita hiyo mwaka 1967, na Mwingereza Margaret Dickinson alivuka kuingia Niassa akatengeneza Behind the Lines mwaka 1971. Safari hii waliokuwa kwenye picha ni watu wa Ruvuma wenyewe.

Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, serikali ilianzisha taasisi ya filamu na jarida la habari la picha liitwalo Kuxa Kanema. Likasambazwa vijijini kwa magari yaliyotoka Urusi ya wakati ule, yenye mtambo na jenereta ndani. Mnaona? Gari lilelile la Sellers, uwanja uleule, mkalimani yuleyule. Kilichobadilika ni nani anaongea.

Na kwetu? Wangapi mmekulia kibanda umiza? Mabati, mabenchi, joto, na sauti ya Lufufu inakutafsiria Mchina akirusha teke. Kenya wana DJ Afro. Msione ni mambo ya vijana wa leo. Kabla yao alikuwepo mkalimani pembeni ya shuka, askari mwenye kipaza sauti, anawaambia wenzake Mzungu anasema nini, na pengine akiongeza chumvi yake.

SEHEMU YA 7: Televisheni ya kliniki

Niliahidi kuwarudisha kliniki.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kituo fulani, sitakitaja. Tuliletewa televisheni kwa ajili ya elimu ya afya kliniki ya mama na mtoto. Mimi ndiye niliyeonyesha fundi pa kuifunga. Nikachagua ukutani juu ya meza ya usajili, karibu na soketi, mbali na watoto wasije wakaivuta. Nikajiona nimefanya la maana. Tukawa tunaweka video ya dalili za hatari kwa mjamzito.

Siku moja akaja mama, mimba ya miezi minane, amevimba uso, kichwa kinamuuma tangu juzi, anaona ukungu. Presha ilikuwa juu sana. Akaanza degedege mikononi mwetu. Kifafa cha mimba. Tulipambana, mama akapona. Mtoto hatukumpata.

Alipopata nafuu nilikaa kitandani kwake. Nikamuuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, mama, si ulikuwa unahudhuria kliniki, na ile video unaiona kila mara? Akaniambia, "Dada nesi, sisi tunaokuja kwa miguu tunafika tumechelewa. Tunakaa kule nyuma ya nguzo. Naona midomo inacheza tu."

Jamani. Nyuma ya nguzo.

Nilirudi kliniki nikaenda kukaa pale alipokuwa anakaa. Kweli, nusu ya kioo imefichwa, sauti inamezwa na vilio vya watoto na feni. Na waliokaa viti vya mbele, walioona kila kitu, ni wale wanaokaa karibu na kituo, ambao hata bila video wangewahi. Nilikuwa nimejenga sinema ya maofisa.

Tuliishusha televisheni, tukaipeleka ukuta wa pembeni, mabenchi tukayapanga nusu duara. Lakini dawa kubwa haikuwa hiyo. Nilianza kusimama kando ya kioo, nazima sauti, naeleza mwenyewe, Kiswahili kikikwama naweka Kiyao, nauliza maswali, nasubiri jibu la aliyeko nyuma kabisa. Kichwa kinachouma bila kuacha, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo: usingoje tarehe ya kliniki, njoo leo hiihii, hata usiku. Sisemi matatizo yameisha. Ila waliokuja mapema wakisema "nesi, ulisema uso" nimewaona kwa macho yangu.

Babu alifariki nikiwa sekondari. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba jeshi lile lilikuwa linajua saluti. Ningemwambia pia kwamba wa kuulizwa hakuwa yeye, ni aliyepanga viti.

Ndo mwisho wa mfululizo. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kuona sinema ya gari, ya Mkoloni au ya ukombozi, muulize alikaa upande gani wa shuka, mrekodi hata kwa simu. Wanaondoka hawa. Na kama unafanya kazi kituo chenye televisheni ukutani, kesho asubuhi kabla hujaiwasha, nenda kakae kwenye kiti cha mwisho.

Mimi kesho kutwa naingia zamu ya usiku. Tuombeane.